Kanda la Usufi

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wazee waliotuachia methali hii walichagua mfano wao vizuri. Usufi hutoka kwenye matunda ya msufi, na watu wa pwani wamekuwa wakiujaza kwenye mito na magodoro tangu zamani. Ni mwepesi hata pumzi tu huupeperusha. Kanda likijaa usufi, mtu hulibeba kwa mkono mmoja huku akipiga soga, na ndivyo mizigo ya wengine inavyoonekana tukiitazama kwa mbali.

Kwa kawaida methali hii hutajwa mtu anapodharau shida za mwenzake. Mimi maisha yamenionyesha kwamba inazifaa zaidi kazi ndogondogo za kila siku, zile ambazo hakuna anayeziita ngumu: kuteka maji, kupika wali, kumfundisha mtoto herufi, kumpa mfiwa pole. Ukizisikia zikitajwa, unadhani hazina cha kujifunza. Ukizishika, unakuta kila moja ina elimu yake, na elimu hiyo imo ndani ya miili ya watu ambao mara nyingi hatuwaiti wasomi. Nataka kuzieleza hizi nne kama nilivyokutana nazo, kwa sababu naamini tunavyozitazama kazi hizi ndivyo tunavyowatazama wanaozifanya.

Likizo za utotoni nilizipitisha kwa bibi mzaa mama, ng'ambo ya Mto Pangani. Tulivuka kwa pantoni kutoka mjini hadi Bweni, kisha tukaishika njia ya kusini katikati ya minazi. Kwa bibi hapakuwa na bomba. Alfajiri wanawake na wasichana walichukua ndoo na kamba kwenda kisimani, na sisi wavulana wadogo tulifuatana nao, maana bibi hakuweza kuvumilia kumwona mtoto aliyekula wali wake amekaa barazani wakati maji yanatafutwa. "Mume wangu," aliniambia, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, "anayeoga huteka."

Kazi inaanzia kwenye kamba. Ndoo ukiiteremsha taratibu ikatua wima juu ya maji, itaelea tu. Lazima uitikise kamba kwa mkono uliolegea ili ndoo ilale ubavu, imeze maji, kisha uivute kabla haijagonga ukuta wa kisima. Baada ya hapo kuna kata, ile kanga kuukuu inayosokotwa na kuzungushwa ili ikae kati ya ndoo na utosi. Ikiwa nyembamba, ndoo inauma. Ikiwa nene mno, ndoo inacheza. Juu ya maji hutiwa kitawi cha majani mabichi ili yasiruke mdomo wa ndoo njiani. Halafu inakuja shughuli ya kutwishana, ambapo wawili wanainua kwa pamoja, na anayetwishwa anaingia chini ya mzigo shingo ikiwa imenyooka tayari. Akichelewa kuinyoosha, uzito unamkuta amepinda, na hapo hakuna kuurekebisha.

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na maji hayatulii. Kila hatua inayasukuma, nayo yanarudi kwa kasi yake yenyewe. Mwendo wa mtu ukilingana na mwendo wa maji, mawimbi yanakua hatua kwa hatua mpaka yanamwagika mabegani. Wanawake wa kijijini kwa bibi walijua kuubadili mwendo kabla mawimbi hayajakua: wakifupisha hatua, wakilegeza kiuno, macho yakitazama mbali. Huku wakiendelea na mazungumzo yao, na mikono ikining'inia tu.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wanasayansi wamewahi kulipima jambo hili. Mwaka 1986, Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti waliowafanyia wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu nchini Kenya. Wajaluo walibeba mizigo kichwani, Wakikuyu mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Watafiti walipima oksijeni waliyoitumia wakitembea, wakakuta kwamba mwanamke mzoefu anaweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wake bila kuongeza nguvu anazotumia kuliko akitembea mikono mitupu. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza sababu. Mwili wa mtu anayetembea hupanda na kushuka kwa kila hatua, na katika kupanda na kushuka huko sehemu ya nguvu hupotea. Wanawake hawa, wakiwa na mzigo, walipoteza kidogo kuliko wengine. Miili yao ilikuwa imejifunza kuihifadhi nguvu ya hatua iliyopita ili isaidie hatua inayofuata.

Niliposoma hayo nilisimama kidogo. Wanawake niliokuwa nikifuatana nao kisimani walikuwa na ujuzi wa namna hiyo, uliowapa kazi watafiti na mashine zao, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanajua kitu. Wala wepesi ule haukuwa wa bure. Ulinunuliwa kwa miaka ya kubeba tangu utotoni, na shingo na magoti hudai haki yao uzeeni. Mtu anayemwona mwanamke amebeba ndoo huku anacheka, akasema kumbe si kazi, ameona mwisho wa mafunzo akadhani ndio mwanzo.

Wali wa nazi nao ulinifundisha jambo jingine: kwamba anayejua sana mara nyingi hawezi kueleza. Nilipoajiriwa ualimu na kupanga chumba Tanga mjini, nilitamani kula wali kama wa bibi, nikamwuliza unapikwaje.

"Maji kiasi gani, bibi?"

"Kadiri ya mchele wenyewe."

"Na moto?"

"Moto wa wali."

Hakuwa akinificha kitu. Kipimo chake kilikuwa katika kidole alichokitumbukiza sufuriani na katika sikio lililousikiliza wali ukikauka. Maneno hayakuwahi kuhitajika, kwa kuwa yeye mwenyewe alifundishwa kwa kukaa jikoni na mama yake, bila kuelezwa. Nilipomwuliza namba, nilimwomba kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Ikabidi nami nikae jikoni, na bahati nzuri shangazi alikuwapo. Yeye alikuwa na kipaji cha kusema kwa sauti yale ambayo mikono ya bibi ilikuwa ikiyafanya kimya.

Shangazi alianzia kwenye nazi yenyewe. Itikise usikie maji yakicheza ndani. Nazi isiyotoa sauti iache. Kaa kwenye mbuzi kwa namna ambayo kifuu kinazunguka viganjani, na meno ya mbuzi yapite juu juu. Ukigandamiza, unafika kwenye ganda la kahawia na tui linapoteza weupe wake. Tia maji ya uvuguvugu kidogo, kamua, uchuje kwenye kifumbu. Hilo ndilo tui zito, liweke kando. Tia maji tena kwenye chicha, ukamue tui jepesi. La pili ndilo linaloivisha mchele, la kwanza ndilo linaloupa ladha, kwa hiyo usiyachanganye. Tui jepesi likiwa motoni, koroga bila kuliacha, la sivyo linakatika.

Nilimwuliza kwa nini linakatika, akasema ndivyo lilivyo. Sababu nilikuja kuisoma vitabuni. Ndani ya tui mafuta ya nazi yametawanyika kwenye maji kwa vitone vidogo sana, na protini za nazi ndizo zinazovizuia visiungane. Moto ukiwa mkali na tui likiachwa bila kukorogwa, protini zinaharibika, vitone vinaungana, mafuta yanajitenga na maji. Shangazi hakuwa na maelezo hayo, lakini mkono wake ulikuwa ukiyatii tangu ujana wake.

Halafu kuna mchele. Mchele mpya, uliovunwa karibuni, hunywa maji kidogo. Uliokaa ghalani hunywa zaidi. Ukitumia kipimo kimoja kwa yote miwili, mmoja utakuwa bokoboko na mwingine utabaki na kiini kigumu. Hapo ndipo nilipolielewa lile jibu la "kadiri ya mchele wenyewe". Bibi alikuwa amenipa jibu lililo sahihi kuliko namba yoyote, ila lilihitaji mtu aliyekwisha kuishika michele ya aina nyingi. Maji yakikaribia kukauka, tui zito linamiminwa, sufuria inafunikwa, makaa yanapaliwa juu ya kifuniko na moto wa chini unapunguzwa. Kisha unasubiri, na kusubiri bila kufunuafunua nako ni sehemu ya kazi.

Katika ualimu nilipangiwa darasa la kwanza, na huko nikakutana na jambo hilihili kutoka upande wa pili: sasa mimi ndiye nilikuwa mjuzi. Watu wengi hudhani darasa la kwanza ndilo jepesi kufundisha, kwa kuwa kinachofundishwa ni kidogo. Mwalimu wa kidato cha nne anafundisha kemia, wewe unafundisha a, e, i, o, u. Lakini kemia hufundishwa kwa mtu anayejua kusoma, na kusoma hufundishwa kwa mtu asiyejua hata kwamba mstari una mwanzo upande wa kushoto.

Chukua herufi b na d. Kwetu tofauti yake iko wazi. Kwa mtoto wa miaka sita, kila kitu alichokijua tangu azaliwe hubaki na jina lake hata kikigeuzwa. Kikombe chenye mkono upande wa kulia ni kikombe, na mkono ukiwa upande wa kushoto bado ni kikombe. Leo anaambiwa kwamba kijiti chenye kitumbo kulia ni kitu kimoja, kitumbo kikienda kushoto ni kingine, na kijiti kikishuka chini ya kitumbo kinakuwa p. Anatakiwa aache sheria ambayo macho yake yameitegemea maisha yake yote. Anapochanganya b na d, akili yake inafanya kazi vizuri kabisa. Inafuata tu sheria ya ulimwengu wa vikombe.

Kutoa nako kuna mtego wa namna hiyo. Mpe mtoto 42 toa 17, na wengi watakuandikia 35. Ukimwuliza amefikaje hapo, atakueleza bila wasiwasi: saba toa mbili, tano, nne toa moja, tatu. Ameambiwa kwamba kikubwa ndicho hutolewa kidogo, akaifuata kanuni hiyo kwa uaminifu. Kumwandikia kosa tu hakumsaidii. Inabidi umfungulie kumi moja mbele yake, kwa vijiti halisi, aone 42 ikiwa makumi matatu na vijiti kumi na viwili, ndipo 25 ijitokeze yenyewe.

Mwalimu mkuu mstaafu aliyewahi kunilea kazini alinipa onyo ninalolishika mpaka leo. "Usimwambie mtoto hili ni rahisi," alisema. "Akishindwa, umemwambia yeye ni mjinga. Akiweza, umemwambia hajafanya kitu." Sijasikia somo la ualimu lililo fupi na zito kuliko hilo. Tangu hapo nikawa nawaambia watoto: hili lina kazi, tutalifanya pamoja. Na nimeona uso wa mtoto unavyokunjuka akigundua kwamba ugumu anaouona si wa kwake peke yake.

Wataalamu wa mashine nao wamegundua kwa njia yao kwamba yanayoonekana rahisi huweza kuwa ndiyo magumu. Mwezi Mei mwaka 1997, jijini New York, kompyuta ya Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, katika mechi ya michezo sita. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitangaza kwa furaha kwamba roboti yao imeweza kukunja mataulo ambayo haikuyaona kabla. Ilitumia takriban dakika 25 kwa taulo moja. Mtaalamu wa roboti Hans Moravec alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1988 kwamba kuifundisha mashine yale wanayoyafanya watu wazima kwenye mitihani ya akili ni rahisi kuliko kuipa uwezo wa kuona na kutembea wa mtoto wa mwaka mmoja. Kitambaa hakina umbo la kudumu; kila ukikishika kinakuwa kitu kipya. Mama anayekunja kanga huku anamsimulia mwanawe hadithi anafanya hesabu ambazo bingwa wa sataranji hazihitaji.

Jambo la nne lilinifika kwa njia ya huzuni. Baba yangu alipofariki, nyumba ilijaa watu kama desturi yetu ilivyo: wanaume nje kwenye majamvi, wanawake ndani na uani. Nilikuwa nimekwenda misibani mara nyingi na kusema "poleni kwa msiba" bila kufikiri. Nilipokuwa upande wa kupokea, nikaona jinsi kutoa pole kulivyo kazi ngumu, na jinsi wachache wanavyoiweza.

Wengi walikuja na maswali. Aliumwa nini? Alianza lini? Mlimpeleka wapi? Kwa nini hamkumhamisha mapema? Waliuliza kwa mapenzi, najua, lakini kila swali lilinirudisha kwenye zile siku za mwisho, na nililazimika kuzisimulia upya kwa kila aliyefika. Wengine walikuja na maneno ya kuniharakisha: jikaze, wewe ndiye mkubwa sasa. Mtu anayempenda mfiwa hutamani kulimaliza lile jambo, na kwa kuwa halimaliziki, anajaza nafasi kwa maneno.

Akaja mzee jirani, fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Alinipa mkono, akasema "pole, mwanangu", akakaa kando yangu jamvini. Hakuongeza neno. Baada ya muda mrefu, mazungumzo ya watu yalipopungua, alinieleza jambo moja tu kuhusu baba ambalo sikuwa nalijua: jinsi alivyomdhamini yeye alipotaka kupanga kibanda chake cha kwanza. Kisha akanyamaza tena. Kesho yake alirudi, akakaa palepale. Watu walipotawanyika baada ya hitima, aliendelea kupita jioni jioni kunijulia hali.

Nimejaribu kuichambua kazi ya mzee yule kama shangazi alivyonichambulia wali. Alikubali kwamba hawezi kuniondolea msiba, na kukubali huko kunauma, ndiyo maana tunakukimbia. Aliacha ukimya uwepo bila kuuogopa. Alileta kumbukumbu badala ya swali, kwa hiyo nilipokea badala ya kutoa. Na alirudi, wakati ambapo kurudi hakukuonwa na mtu wala kuhesabiwa kuwa desturi. Mambo manne, yote yanatamkika kwa pumzi moja, na kila moja linadai mtu aliyekomaa.

Siku hizohizo, uani, kazi nyingine zilikuwa zikiendelea. Ndoo zilikuwa zikitoka na kuingia. Masufuria makubwa ya wali yalipaliwa makaa. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamegawana zamu bila mkutano wowote, na mamia ya watu walikula na kuondoka bila kujiuliza chakula kimefikaje. Na hiyo pia ilikuwa pole, iliyosemwa kwa mikono.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2018 likikadiria kwamba kila siku duniani hutumika saa bilioni 16.4 katika kazi za kutunza nyumba na watu zisizolipwa, na kwamba wanawake wanabeba asilimia 76.2 ya saa hizo. Shirika hilohilo lilipitisha mkataba wa kazi staha kwa wafanyakazi wa ndani, Mkataba namba 189, mwaka 2011. Mkataba huo ulichelewa kufika kwa sababu dunia nzima, kama sisi, ilikuwa imeziita kazi hizo usufi. Na ninaposikia mtu akibishana na dada wa kazi juu ya mshahara, akisema "kwani unafanya nini, si kupika na kufua tu?", najua kwamba anayezungumza hajawahi kukaa kwenye mbuzi akakuna nazi ya watu wanane kabla ya saa sita, mtoto wa mwenye nyumba akiwa mgongoni.

Kwa hiyo nimejiwekea mambo machache, nami nayapendekeza kwa msomaji. Unapotaka kujifunza kazi kwa mtu, usimdai maelezo ambayo hana. Omba kukaa karibu naye, utazame, uishike kazi yeye akiwapo. Unapofundisha, rudi nyuma mpaka mahali ambapo mikono yako imesahau kwamba iliwahi kujifunza, uanzie hapo, na neno "rahisi" liache nje ya mlango. Unapopanga ujira wa mtu anayefanya kazi za nyumbani kwako, ifanye kazi hiyo mwenyewe siku moja nzima, kuanzia alfajiri mpaka vyombo vya usiku, halafu ndipo utaje kiasi. Na unapoletewa sahani ya wali, shukuru kwa kutaja kilichofanyika: kwamba punje zimeachana, kwamba tui limekolea bila kuacha mafuta, kwamba umejua kuwa mchele huu ulikuwa mpya na mpishi ameujulia maji yake. Mpishi atajua kwamba kazi yake imeonekana, na nyumba ambayo kazi huonekana ni nyumba ambayo watoto watajifunza kuibeba kwa zamu.